Mkwe wangu aliniachia malkia wake kwenye sataranji nimle, nikamla. Nilichokikuta kesho yake kwenye migomba bado kinanishtua

Wakuu, salamu kwenu. Mlio wadogo kwangu nimekwisha kuitikia marahaba hata kama hamjaniamkia. Mlio wakubwa shikamooni, ingawa humu sidhani kama mko wengi.

Mimi ni bibi mwenye wajukuu tisa, naishi Nyakitonto, huku Kasulu. Shule niliishia darasa la nne. Naandika mwenyewe kwa simu, kidole kimoja, kwa hiyo nikikosea herufi msinicheke, someni maana.

Ninachosimulia kilinikuta mimi mwenyewe. Kwa umri huu sina wa kumfurahisha kwa uongo.

Juzi nimeona humu vijana mnabishana kuhusu sataranji. Mmoja akasema mtu anayetoa malkia wake makusudi ni mjinga, gemu imemshinda, anataka kwenda kulala. Wengine mkamuunga mkono.

Nikasema hapana. Hapo nina neno.

Kwanza niwaeleze bibi amejuaje sataranji, maana najua ndilo swali mnalotaka kuuliza.

Marehemu mzee wangu alikuwa fundi baiskeli. Nje ya kibanda chake kulikuwa na ubao wa drafti, na wanaume walikuwa wanashinda hapo. Mimi napeleka chakula, nasimama, naangalia. Nikiangalia nawaona wanavyokosea. Siku moja nikamwambia mzee, sogea. Nikacheza. Toka siku hiyo wanaume wa Nyakitonto wananiheshimu, na wasioniheshimu nimewafunga.

Sasa drafti ya kwetu ina sheria moja kubwa. Kete ikiachwa wazi, lazima ule. Hutaki, unalazimishwa. Ukijifanya hujaona, kete yako inatolewa nje ya ubao na watu wanakuzomea. Miaka thelathini mkono wangu umezoea hivyo: jicho likiona cha kula, mkono umeshafika.

Likumbukeni hilo tukienda mbele.

Binti yangu Yustina ameolewa na kijana anaitwa Nestori. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hukuhuku, ni Mtanzania kama mimi. Walikuwa wanaishi Kibondo. Mwaka 2012 nikawaambia njooni, nikawapa sehemu ya chini ya shamba langu, wakalima, wakapanda migomba ikakaa vizuri.

Nestori zamani alikuwa anapeleka unga wa muhogo kuuza sokoni kwenye kambi ya wakimbizi. Huko mzee mmoja Mkongo, mwalimu, akamfundisha sataranji. Vitu vya kuchezea alichonga mwenyewe kwa mti wa mbuni. Ubao tukatumia uleule wa drafti.

Wengine humu mnasema askofu. Sisi tunamwita kichaa, yule anayekwenda mshazari, maana yule mwalimu wa kambini kwa Kifaransa alimwita hivyo. Ngome tunaita mnara. Na mfalme akibanwa Nestori hasemi shaha, anasema "eshek". Nimeeleza ili nikianza kusimulia msipotee.

Akanifundisha. Nikaipenda. Na wakuu, nikawa namfunga.

Namfunga kweli. Kila Jumapili. Nakula askari wake, nakula farasi wake, nakula mnara, mwisho anamlaza mfalme wake anasema, "Mama, leo tena umeniweza."

Nikawa najiona profesa.

Niseme kidogo kuhusu heshima ya mkwe kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mkwe wa kiume habishani na mama mkwe. Hamkatizi. Hali mbele yake akijaza mdomo. Tulipokuwa tunacheza, mimi nakaa kwenye kigoda, yeye anakaa kwenye gogo upande upande, hanitazami usoni, anatazama ubao tu. Nikisema neno, yeye anajibu "Ndiyo mama". Nikisema jua ni bluu, atasema ndiyo mama.

Nilikuwa nalipenda jibu hilo sana. Nani asiyelipenda?

Tukaenda mpaka 2013, mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshakolea. Ndipo ulipoingia ule mnyauko wa migomba.

Mliokulia ndizi mnaujua. Jani linageuka njano na kulegea kama limemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ukikata ndani zina madoa ya kahawia, hata mbuzi anakataa. Ukikata shina linatoa kitu cha njano kama usaha.

Kwangu ulianzia pembeni juu, karibu na njia. Shina moja. Wiki ya pili mashina manne.

Mimi nikawa nashika panga langu, jani likiwa njano nakata jani. Likitokea lingine, nakata lingine. Asubuhi niko juu, mchana niko chini. Nikajiona nafanya kazi kweli.

Yustina akaja kuniambia, "Mama, wanasema mgomba ukiugua ung'olewe wote na wa jirani yake."

Nikamwambia, "Hii migomba kaipanda baba yako. Wewe ulikuwa mgongoni. Kama unataka kung'oa, kang'oe ya kwako."

Akaondoka. Yustina nimemzaa mimi, anajua sauti yangu ikifika wapi inabidi aondoke.

Jumamosi moja bwana shamba wa kata akaitisha mkutano. Kijana mdogo, viatu vya mvua, sauti ndogo. Akasema shina lililougua ling'olewe mpaka mizizi, na yanayopakana nalo hata kama ni mazima. Lizikwe. Panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lile ua la ndizi linaloning'inia livunjwe kwa mti wenye panda, lisiguswe na panga.

Nikasimama. Ndiyo, mimi hapa.

Nikamwambia, "Mwanangu, unatuambia tukate migomba mizima ili tupate migomba? Wewe ukiumwa kidole tunakukata na mkono?"

Watu wakacheka. Nikaona nimeshinda. Nikaongeza, "Muulizeni mkwe wangu huyu hapa, amesoma kuliko mimi. Nestori, si ni hivyo?"

Nestori akasimama, kofia mkononi.

"Ndiyo mama. Ni kama anavyosema mama."

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Jumatatu nashuka na panga langu mpaka kwako, mistari ile ya juu nikutolee majani mabaya kabla hayajaenea. Naona wewe una huruma."

"Ndiyo mama."

Mkutano ukaisha. Wengi walinifuata mimi. Bwana shamba akapanda baiskeli yake akaenda.

Nikiyakumbuka haya nasikia aibu mpaka kwenye meno. Lakini nimeahidi ukweli, ngoja niendelee.

Kesho yake Jumapili, tumetoka kanisani. Nestori hakuonekana kanisani, Yustina alikuja peke yake. Mchana nikaenda kwenye kibaraza cha duka la Mzee Shabani, huko ndiko tunakochezea mvua ikinyesha.

Mzee Shabani ni mtu wa dukani, babu yake alitoka pwani, anapenda maneno kuliko mauzo. Drafti nimemfunga mara nyingi, kwa hiyo akiniona na Nestori hana haja ya mteja, anakaa aone kama kuna siku bibi atafungwa.

Nestori akaja. Shati lake lina madoa meusi ya utomvu, mikono hivyohivyo. Nikamuuliza, "Leo mbona hukuonekana kanisani?"

"Nilikuwa na kazi kidogo, mama."

"Jumapili?"

"Ndiyo mama."

Tukapanga. Yeye weupe, mimi weusi.

Mzee Shabani akaanza, "Haya bibi, mchinje mapema, mvua inaongezeka."

Mimi nikamwambia Nestori, kwa utani ule wangu mbaya, "Cheza kama mwanaume leo. Hata ubaoni unaogopa kupoteza kitu kama shambani."

Mnajua, akaninyanyulia macho. Mara ya kwanza toka aoe binti yangu. Akanitazama, halafu akayarudisha ubaoni.

Tukacheza hatua chache tu, hazifiki kumi. Kichaa wangu nimempeleka upande wake, amemlenga farasi wake. Nyuma ya huyo farasi, mstari uleule, yuko malkia wake. Maana yake farasi haruhusiwi kuondoka. Akiondoka, malkia yuko wazi.

Nikakaa vizuri kwenye kigoda.

Nestori akamwinua farasi. Akamrusha katikati ya ubao, akala askari wangu.

Nikafikiri hajaona. Nikasema, "Nestori. Malkia wako."

"Nimemuona, mama."

"Rudisha farasi. Sitaki ushindi wa namna hiyo."

"Hapana, mama."

Wakuu, neno hapana. Kutoka mdomo wa mkwe wangu. Mzee Shabani aliyekuwa anapima sukari akaiacha kwenye mizani.

Halafu akapiga makofi. "Bibi, kula! Kaachwa wazi huyo! Lazima ule, usipokula tunaitoa kete yako nje!"

Na mkono wangu ulikuwa umeshafika. Nimekwambieni, miaka thelathini. Nikamla malkia. Nikamshika hivi, nikamweka pajani kwangu kama mtoto.

"Mkwe, umelewa?" nikamuuliza.

Kichaa wake akatoka mbali, mshazari, akala askari aliyekaa kando ya mfalme wangu.

"Eshek."

Nikataka kumla huyo kichaa. Nikaangalia, analindwa na yule farasi aliyeruka. Siwezi. Mfalme wangu ana mahali pamoja tu pa kwenda, hatua moja mbele. Nikampeleka.

Farasi wake wa pili akaruka akaingia katikati.

"Eshek, mama."

Nikatafuta njia. Kushoto, farasi. Kulia, kichaa. Nyuma nilipotoka, kichaa amepalenga, na pembeni yake kumejaa vitu vyangu mwenyewe. Vitu vyangu mwenyewe vimemzuia mfalme wangu.

Nikatafuta muda mrefu. Mvua inapiga bati. Hapakuwa na njia.

Nilipigwa butwaa, sitawaficha. Mimi nina malkia wawili pale, wangu na wake pajani. Nina minara yangu yote miwili. Malkia wangu hakuwa ameinua hata kitako. Minara imelala pembeni kama ng'ombe walioshiba. Na yeye kanimaliza na farasi wawili na kichaa mmoja.

Mzee Shabani alicheka mpaka akashika mlango. "Bibi kala! Bibi kala kashiba, kafa na njaa!"

Nikamwambia Shabani nyamaza. Nikamwambia Nestori panga tena, rudisha palepale ulipoinua farasi.

Akapanga. Nikaangalia. Nikaona kumbe ningemwacha yule malkia, nikamla huyo farasi mjanja kwa askari wangu, ningepoteza kidogo sana na gemu ingeendelea. Sheria ya sataranji naijua, hakuna lazima ya kula. Nestori alinifundisha siku ya kwanza. Kichwa kilijua, mkono haukujua.

Lakini si hilo lililonishtua zaidi.

Lililonishtua ni kwamba mtu anayejua kucheza hivyo hawezi kufungwa na mimi kila Jumapili mwaka mzima.

Nikamuuliza, "Nestori. Tangu lini unaniachia?"

Akaanza kupanga vitu upya ubaoni.

"Nimekuuliza."

"Tangu mwanzo, mama."

"Zote?"

"Zote, mama."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya mtungi kichwani. Mwaka mzima nimejisifu kwa majirani. Nimemsimulia padri! Kumbe nilikuwa nabembelezwa kama mtoto anayepewa kijiko cha uji.

Mzee Shabani sasa hacheki. Anajifanya kufunga sukari.

Nikamwambia Nestori, "Sasa sikiliza. Mimi si yai. Kama ubaoni ulikuwa unanidanganya kwa heshima, kuna kingine unachonidanganya?"

Akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, naomba Jumatatu usishuke na panga."

"Kwa nini?"

"Panga lako, mama. Linakata mgonjwa halafu linakata mzima. Kila unapopita, nyuma yako baada ya wiki mbili mashina mengine yanafuata. Nimehesabu. Ulipopita wewe ndipo ugonjwa unapotokea."

Jamani.

Mimi. Mimi ndiye niliyekuwa natembeza ugonjwa. Ule uliokuwa unatoka shina hadi shina nilikuwa naubeba mkononi, naamka nao asubuhi, nadhani nafanya kazi.

Nikasema, "Kwa hiyo nisishuke. Basi. Si useme tu?"

"Nilishindwa kusema, mama. Kwa hiyo nimekata."

"Umekata nini?"

"Mistari miwili ya juu. Ya kwangu. Inayopakana na wewe."

"Ilikuwa inaumwa?"

"Hapana, mama. Ilikuwa mizima."

Sikumaliza kumsikiliza. Nikaondoka kwenye kile kibaraza na mvua yangu kichwani. Malkia wake bado niko naye mkononi, sikujua mpaka nilipofika.

Wakuu, subirini kidogo, maharage yananiungulia.

Nimerudi.

Kutoka dukani mpaka kwa Nestori si mbali, nikapita katikati ya shamba langu. Nilipofika mpakani nikasimama.

Mistari miwili yote iko chini. Mikungu iliyokuwa imebakiza majuma machache tu kukomaa imelazwa kwenye nyasi. Visiki vimekatwa chini kabisa, vingine vimeng'olewa na mashimo yamejaa maji ya mvua. Nikainama nikaangalia kila kisiki. Nilikuwa natafuta ile rangi ya njano, nipate pa kumlaumu.

Ndani ni nyeupe. Yote nyeupe, safi, kama sima ya muhogo.

Mtu amekata migomba mizima, yenye mikungu, chakula cha watoto wake, ili kuweka nafasi kati ya shamba lake na mama mkwe wake. Kwa sababu ilikuwa rahisi kwake kukata migomba kuliko kuniambia mimi "usije".

Yustina alikuwa pale chini anakusanya mikungu mibichi aone kama kuna ya kupika. Akaniona. Hakushtuka.

Nikamwambia, "Na wewe ulijua?"

"Alfajiri, kabla ya kwenda kanisani, nilimshikia kamba akiiangusha, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia wiki ile. Uliniambia nilikuwa mgongoni."

Nikamuuliza lingine, "Angekuja kuniambia yeye mwenyewe, unadhani ningemsikia?"

Yustina akaweka chini mkungu aliokuwa nao. Yule mtoto hasemi haraka.

"Ungemfukuza, mama. Ungesema amekuja juzi kutoka Kibondo, ardhi umempa wewe, leo anakufundisha."

Ni kweli. Maneno hayo hayo ndiyo ningesema. Nilishtuka namna anavyoyajua.

Nikakaa kwenye kisiki palepale, nguo zimelowa. Nikafikiri. Mimi nina shamba kubwa kuliko wao, mashina mengi kuliko wao, na ninafanya nini kila siku? Najibu. Ugonjwa unaanza hapa, nakimbilia hapa. Unaanza kule, nakimbilia kule. Siku hata moja sijaenda mbele yake nikauzibia njia. Nestori ndiye wa kwanza kwenye kijiji kizima aliyeuzibia njia, na ameuzibia kwa kitu chake kizuri.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule malkia.

Jumatatu asubuhi nikashuka kwake. Nilishuka na panga, ndiyo, lakini nilishuka pia na kaa la moto kwenye sufuria la zamani.

Nikamwambia, "Leo wewe ndiye mama mkwe. Nionyeshe nianze wapi."

Akajaribu kusema ndiyo mama. Nikamwambia neno hilo nikilisikia leo nakupiga na jani la mgomba. Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka na meno nje.

Tukaanzia juu. Yeye anaonyesha, mimi nakata, panga linapita kwenye moto, Yustina anachimba. Kila shina linaloumwa, na majirani zake. Yale mazima yalinikata moyo kuliko yale yanayoumwa. Unakata mgomba wenye mkungu mzuri, unaanguka na sauti, unajiuliza kama una akili.

Nikakuta visiki vingi vya hayo mazima ni vyeupe. Moyo ukaniambia, unaona? Umekata bure.

Mchana tukafika karibu na nyumba. Pale kuna shina ambalo mzee wangu alilipanda la kwanza kabisa tulipohamia. Lilikuwa na watoto watano, majani ya kijani, mkungu mkubwa unagusa fito za jikoni. Zuri kuliko yote shambani. Jirani yake mmoja alikuwa ameanza kugeuka njano.

Nestori akasema, "Mama, hili tunaweza kuliacha kidogo tukaliangalia."

Nilijua anachofanya. Alikuwa ananiachia tena.

Nikamwambia, "Umerudia mchezo wako?"

Akainamisha kichwa. "Basi likatwe, mama."

Nikalikata mwenyewe. Panga moja, mbili, tatu. Likaegemea, likaanguka upande wa jikoni, likavunja hata chanja cha vyombo.

Nikaangalia ndani.

Njano. Linatiririka.

Juu kijani kabisa, mkungu mzuri, hakuna jani hata moja lililolegea, na ndani limeoza. Nililipita na panga langu siku ngapi zilizopita? Ningeliacha, watoto wake wote, na migomba yote ya nyuma ya nyumba, na kutoka hapo kwenda chini kwa Nestori.

Nilipiga kelele. Yustina akaja mbio akidhani nimejikata. Nikamwonyesha. Nestori akalichukua panga langu akalipitisha kwenye moto.

Siku tatu tulikata. Nusu ya shamba langu ilikwenda. Tukazika, tukapanda maharage juu yake, tukakaa hivyo msimu mzima bila mgomba pale. Tulikula ugali wa muhogo na maharage mpaka wajukuu wakawa wananiuliza, bibi, ndizi zimehama? Njaa haikutuua, lakini ilitukumbuka.

Migomba ya chini kwa Nestori haikuugua hata mmoja. Kutoka kwake ndiko tulikotoa machipukizi safi nikapanda upya kwangu mwaka 2014, na sasa yameanza kutoa mikungu.

Jirani yangu upande wa pili, yule aliyenishangilia sana kwenye mkutano, alibaki anakata jani moja moja. Leo ana mihogo tu. Sisemi hili kwa kumcheka. Alinifuata mimi. Nimekwenda kwake kumuomba radhi na nimempelekea machipukizi, kumi ya kwanza.

Bwana shamba naye nilimfuata ofisini kwake. Nilimwambia mwanangu ulikuwa sahihi, mimi nilikuwa mpumbavu mwenye sauti kubwa. Akaona haya yeye badala yangu.

Sasa niseme nilichojifunza, nisiwachoshe.

Kwa nyie wa sataranji: kuwa na vingi si kuwa mbele. Mimi nilikuwa na kila kitu, na vyote vimelala. Yeye alikuwa na vitu vitatu vinavyotembea, na mimi kazi yangu ikawa kujibu tu. Mtu akikupa kitu kikubwa bure, kabla ya kunyoosha mkono jiulize atafanya nini wakati wewe unatafuna. Na wewe ukitoa, utoe ukijua unachokwenda kuchukua, si kwa sifa. Kutoa bila kuona mbele ni ujinga kweli, hapo aliyesema hivyo humu hajakosea.

Kwa nyie wakulima: panga lipite kwenye moto. Kila mgomba. Msiniulize kwa nini, nimeshawaeleza.

Kwa nyie wazee wenzangu, hili ndilo lililonifanya niandike. Heshima niliyokuwa naidai ilinifanya kipofu kwenye shamba langu mwenyewe. Mwenye mkwe anayemwambia "ndiyo mama" kila siku, asifurahi haraka. Ateremke akaangalie huyo mkwe amekata nini.

Siku hizi Nestori ananifunga Jumapili tatu kati ya nne. Ile ya nne, nikishinda, namtazama usoni kwanza nione kama ameniachia, na sasa na yeye ananitazama.

Nimemaliza. Wenye kubisha bisheni, wenye mkwe mkimya semeni, na kama kuna anayejua namna ya kumtoa farasi yule katikati bila kupoteza askari aniandikie hapa chini. Simu ninayo, maharage yameshaiva.